Majina ya daraja la tatu: barua ya wazi kuhusu MV Bukoba

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri wa Uchukuzi. Kwa Wakuu wa Mikoa ya Kagera na Mwanza. Na kwa wote mliokabidhiwa Makumbusho ya Taifa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Nawaandikia kuhusu watu waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria asubuhi ya 21 Mei 1996, na kuhusu vijana waliozaliwa baada yao ambao hawaelezwi lolote juu ya vifo hivyo. Najua mezani kwenu mafaili ya walio hai ni mengi na yote yana haraka. Hili nalo lina haraka yake, kwa sababu wanaokumbuka wanazeeka, na kila mwaka tunazika baadhi yao pamoja na wanachokijua.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Mwanza, mzaliwa wa Muleba. Huwa nawauliza wanafunzi wangu wanajua nini kuhusu MV Bukoba. Wanajua ni meli, na wanajua ilizama. Zaidi ya hapo majibu yanatawanyika: yupo anayeichanganya na kivuko cha MV Nyerere cha mwaka 2018, yupo anayedhani ni mambo ya enzi za Mjerumani. Wamo wanaoshuka daladala kila jioni Igoma, mtaa ule ule yalipo makaburi ya abiria wengi wa meli hiyo. Siwalaumu hata kidogo. Hakuna mtu mzima aliyekaa nao akawaambia, na katika vitabu ninavyofundishia sijakutana na ukurasa wake.

Huko kwetu Kagera, miaka inahesabiwa kwa misiba. Babu yangu alipokuwa akisema "kabla ya vita" alimaanisha mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, yakateka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Dada zake mama yangu wanahesabu kuanzia 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani kwetu. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, nyumba zikafungwa moja baada ya nyingine na bibi wakabaki kulea wajukuu. Sisi tuliokuwa shule ya msingi miaka ya tisini tunahesabu kwa meli. Watoto wetu wana tetemeko la 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba na madarasa ya Bukoba, na wana ndege iliyoanguka ziwani 6 Novemba 2022 ikijiandaa kutua. Tukikutana sebuleni wakati wa sikukuu, kila mmoja akisema "wakati ule" anamaanisha wakati wake, na wa jirani yake hauoni.

Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wanasema yale yanayompata mtu kuanzia ujana hadi miaka ya ishirini na kitu ndiyo humkaa zaidi maisha yake yote. Kwa hiyo siwaombi mwalazimishe watoto wa leo walie kama tulivyolia sisi. Machozi hayarithiwi. Lakini yapo yanayoweza kurithiwa: nani walikufa, kwa nini walikufa, na nini kilitakiwa kubadilika baada yao. Haya familia haiwezi kuyabeba peke yake, kwa sababu familia inamjua marehemu wake tu. Haya ni kazi ya dola, na ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia ndugu zangu.

Na dola yetu inajua kuifanya kazi hiyo inapotaka. Askari waliokufa vita vya Kagera wamelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi yaliyopangwa na kutunzwa, na kila 25 Julai taifa zima linasimama kuwakumbuka mashujaa. Mwanafunzi wangu asiyejua chochote kuhusu meli anaweza kunieleza vita ile kwa mpangilio, kuanzia uvamizi hadi Kampala. UKIMWI nao ulifundishwa mashuleni, ukaandikwa kwenye mabango, ukatangazwa redioni mpaka vijijini. Misiba hiyo miwili ilivuka kutoka kizazi kimoja kwenda kingine kwa sababu kulikuwa na mkono wa serikali ulioivusha. Meli haikupata mkono huo. Nimelifikiria sana hili na jibu linalonijia ni zito kulisema mbele ya viongozi, lakini nalisema kwa heshima: vita tulishinda, ugonjwa tuliweza kusema tunapambana nao, ila meli ilikuwa kosa letu wenyewe.

Sisemi serikali haikulia. Rais Benjamin Mkapa, akiwa bado hajamaliza mwaka madarakani, alitangaza siku 3 za maombolezo. Wapiga mbizi walikuja kutoka Afrika Kusini kusaidia kutafuta miili. Iliundwa tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga. Nakumbuka redio ya jirani ikiwa imewekwa dirishani ili nasi wa nje tusikie, nyimbo za maombolezo zikipigwa mfululizo, na watu wazima wamesimama kimya, jambo ambalo mtoto wa kijijini hulizoea msibani tu. Maombolezo yaliisha. Kilichofuata baada ya hapo ndicho ninachokilalamikia.

Hebu nieleze kwa ajili ya wale kati yenu mliokuwa wadogo au hamjazaliwa, maana sasa hata uongozini mmeingia wa kizazi hicho. MV Bukoba ilikuwa ikisafiri kati ya Bukoba na Mwanza kupitia bandari ya Kemondo. Iliondoka jioni ya 20 Mei, ikapakia tena abiria na mizigo Kemondo, ikasafiri usiku kucha. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Asubuhi, ikiwa imeshaikaribia Mwanza, wakati watu wanakunja mablanketi na kuhesabu mizigo yao, ililala ubavu ikapinduka. Haikwenda chini papo hapo. Ilibaki ikielea kichwa chini, na ndani yake watu walikuwa hai, wakipumua hewa iliyonaswa tumboni mwa meli. Wazee wa Mwanza waliokuwepo wanasimulia kwamba kulisikika kugonga kutoka ndani. Ukatobolewa mwili wa meli ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli juu ikapata mlango, ikatoka, na meli ikazama nao.

Nikiwasimulia wanafunzi sehemu hii darasa linanyamaza, halafu mkono mmoja unanyooka na swali ni lile lile: kwani hawakujua? Swali hilo lina jibu la kitaalamu ambalo mtoto wa kidato cha pili anaweza kulielewa kwa fizikia anayosoma darasani. Lina pia jibu la kiutawala: nani alikuwa zamu, vifaa gani vilikuwepo, nani alitoa amri. Majibu ya aina hiyo hukusanywa na tume. Ripoti ya tume hiyo ingekuwa maktaba ya mkoa, kwa Kiswahili kinachosomeka, ningempeleka mwanafunzi akasome mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mpaka leo hatujui kwa uhakika ni wangapi walikufa. Wapo wanaotaja zaidi ya 800, wapo wanaotaja karibu 1,000. Tofauti ya namna hiyo haitokani na ukubwa wa ziwa peke yake. Orodha ya abiria iliyokuwepo ilihusu daraja la kwanza na la pili, na ilikuwa na watu 443, ambao tayari wanazidi uwezo wa meli nzima. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Wale waliolipa nauli ya chini kabisa, akina mama wa ndizi, wanafunzi, vibarua, wakulima waliokuja kuuza na kununua, waliingia melini bila jina lao kuandikwa popote. Wengi walikuwa na mikungu yao ya ndizi kwa ajili ya soko la Mwanza. Walipozama, hakukuwa na karatasi ya kusema walikuwepo.

Kwa Mhaya hili lina uchungu wa pekee. Sisi tunazikana kibanjani, nyumbani, kwenye migomba. Ukienda kwenu unaonyeshwa: hapa kalala babu, hapa kalala shangazi, na mtoto anajifunza ukoo wake kwa kutembea. Katika vibanja vya Muleba na Bukoba na Karagwe wapo watu wasio na kaburi nyumbani, kwa sababu miili yao ilibaki ziwani au ilizikwa Igoma bila kutambuliwa. Kwa hiyo mtoto anayetembea kibanjani hawakuti. Kizazi kimoja zaidi, na hakutakuwa na wa kusema walikuwepo.

Kuna mmoja kati ya waliokufa pale ambaye jina lake linajulikana dunia nzima. Anaitwa Abu Ubaidah al-Banshiri, na alikuwa kiongozi wa kijeshi wa Al-Qaeda. Wenzake walituma watu Mwanza kuhakikisha kama kweli amekufa, na habari zake zikafika mpaka kwenye kesi iliyosikilizwa New York kuhusu mabomu ya 7 Agosti 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam. Mtafiti wa ng'ambo akiandika kuhusu MV Bukoba, mara nyingi anaanzia kwa mtu huyo. Mnisamehe, waheshimiwa, lakini hili linaniuma. Mtu aliyekuja kwetu kwa jina la bandia ametafutwa, amehakikishwa na ameandikwa, ilhali mama aliyezaliwa Kamachumu, aliyebatizwa, akaolewa, akalipa kodi ya maendeleo, hajaandikwa.

Laiti mambo yangeishia mwaka 1996, ningekubali kuiita barua hii barua ya huzuni tu. Lakini tarehe 20 Septemba 2018, siku ya mnada Bugorora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kufika Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Na siku ile ya kwanza, viongozi walipoulizwa kulikuwa na watu wangapi ndani, ilielezwa kwamba aliyekuwa akikata tiketi amefariki na mashine yake imepotea. Miaka 22 imepita, ziwa ni lile lile, na swali la kwanza bado halina jibu: mlikuwa wangapi? Katikati hapo Zanzibar ilikuwa imeshapoteza watu wa MV Spice Islander Septemba 2011, meli nayo iliyojaza kupita kiasi, halafu MV Skagit Julai 2012, kabla hata mwaka haujaisha.

Hapo ndipo ninapoona madhara ya kumbukumbu isiyokabidhiwa. Kijana wa Ukara aliyepanda kivuko kilichofurika mwaka 2018, kama alikuwa na umri wa miaka 20, alizaliwa baada ya MV Bukoba. Hakuna aliyempa somo ambalo baba zake walilipia. Aliona mizigo, aliona watu wamesimama mpaka mlangoni, akaona ndivyo vivuko vilivyo. Na mkata tiketi naye, na nahodha naye, walikuwa wamerithi kazi bila kurithi tahadhari. Kila kizazi cha ziwa hili kimefundishwa na meli yake.

Watoto wa sasa wana kumbukumbu ya namna nyingine, na inafaa mliangalie hili kabla hamjadhani kwamba simu zimetatua tatizo. Ndege ilipoanguka Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki, wanafunzi wangu waliiona kwenye simu za wazazi wao siku hiyo hiyo: mkia umetokeza juu ya maji, watu wengi wanavuta kamba, wavuvi wakiwa wametangulia kufika na mitumbwi yao. Wanaweza kuichora ndege ile kwa kumbukumbu. Waulize jina la mtu mmoja aliyekuwa ndani, hawana. Sisi wa 1996 tuko kinyume chao. Hatukuiona MV Bukoba ikizama, hatuna picha kichwani zaidi ya zile chache za gazetini, lakini tunayo majina: mwalimu wa darasa la pili, mke wa mwenye duka, kijana aliyekuwa anakwenda kuanza chuo. Wao wana picha isiyo na majina, sisi tuna majina yasiyo na picha. Wote tunaishi nyumba moja, na sijawahi kuona mahali popote ambapo vitu hivyo viwili vimewekwa pamoja.

Wapo watakaowashauri msiguse jambo hili. Watasema ni kutonesha vidonda, au kwamba yataibuka madai ya fidia, au kwamba ilikuwa mapenzi ya Mungu. Mimi ni muumini, na nimeimba kwenye misiba mingi kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Lakini Mungu hakukata tiketi Kemondo. Hakupakia mizigo. Na kuhusu vidonda, nendeni mkawasikilize wenyewe. Wazee niliozungumza nao, kinachowatesa zaidi ni kuona mjukuu haulizi kwa sababu hajui kwamba kuna cha kuuliza.

Ninachoomba kinawezekana bila bajeti ya kutisha. Kwanza kabisa majina. Kagera ina watendaji wa vijiji na vitongoji, ina parokia na sharika zenye vitabu vya ubatizo, ina misikiti, ina mabaraza ya koo. Mwanza, Geita na visiwani ni hivyo hivyo. Mkiwaagiza watendaji kwamba katika muda fulani kila kijiji kiandike waliopotea kwenye MV Bukoba, kwa jina, umri, kazi na walikokuwa wakienda, kazi itafanyika, kwa sababu watu wanajua. Ila wanaojua wana umri wa miaka 60, 70, 80. Hii ndiyo sehemu isiyoweza kungoja mpango wa miaka mitano. Orodha ikipatikana, iwekwe Igoma mahali pa wazi, iwekwe Kemondo walikopandia, na nakala ikae kwenye Nyaraka za Taifa ambako mtu wa mwaka 2090 ataikuta. Daraja la tatu liandikwe kwanza.

Waziri wa Elimu, mmeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mmelifanya la lazima. Nilifurahi. Ndani yake pana nafasi ya sura moja kuhusu misiba ya taifa hili: Bukoba, Spice Islander, Ukara, na treni ya Dodoma ya Juni 2002. Isiandikwe kama orodha ya tarehe za kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi apewe kazi ya kwenda kumhoji mtu wa nyumbani kwake aliyekuwepo, aandike, arudi asome mbele ya wenzake. Nimelijaribu hili darasani kwangu kwa njia isiyo rasmi. Binti mmoja alirudi akaniambia kwamba bibi yake, ambaye wamekaa naye miaka yote, alikuwa na mdogo wake ndani ya meli ile na hajawahi kumtaja mbele yao. Bibi aliulizwa mara ya kwanza akiwa na wajukuu wakubwa. Akazungumza mpaka usiku.

Waziri wa Uchukuzi, meli mpya ya MV Mwanza imejengwa hapa kwetu na inaweza kubeba abiria 1,200, karibu mara tatu ya MV Bukoba. Tunaishukuru serikali kwa kazi hiyo, na kwa daraja la Kigongo hadi Busisi ambalo limetuondolea foleni ya pantoni. Lakini ukubwa wa chombo si kinga. Naomba iwe sheria isiyo na mjadala kwamba hakuna chombo kinachong'oa nanga kwenye ziwa hili, kikubwa wala kidogo, mpaka nakala ya majina ya wote waliomo, wa kila daraja na watoto wa mgongoni, imebaki nchi kavu. Na ripoti ya tume ya mwaka 1996, pamoja na zilizofuata, zichapishwe zote kwa Kiswahili na zisambazwe kwenye vyuo vya mabaharia, shule na maktaba. Fundi atakayekabidhiwa funguo za injini kesho anastahili kujua kilichowaua watu mahali pale pale anapopita.

Wakuu wa Mikoa, kila 21 Mei ndugu wa marehemu huja Igoma. Wamezeeka. Njooni na wanafunzi, msije na hotuba ndefu. Shule za Mwanza na za Bukoba zipokezane mwaka hadi mwaka, na watoto wenyewe ndio wasome majina kwa sauti, hata kama itachukua saa nzima au zaidi.

Naomba pia jibu la maandishi kwa swali moja tu kwa sasa: ripoti ya tume ya Jaji Kisanga iko wapi, na mwananchi wa kawaida anaisoma kwa utaratibu gani? Nikilipata nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule. Nina wanafunzi wenye daftari na kalamu ambao wako tayari kuanza kuandika majina katika likizo ya Juni, mkitupa barua ya kututambulisha kwa watendaji wa kata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia, Mwanza
Mzaliwa wa Muleba, Kagera